Makao ya Bwana Mkubwa

Nilidhani shemeji yangu amemchoka samaki wake. Kila aliyeingia katika saluni yake juma lile alidhani hivyo hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetusadikisha.

"Mlafi huyu hanifai," alisema, huku akipangusa nywele shingoni mwa mteja. "Wenzake wote kawameza. Mimi mwenyewe siku hizi namwangalia kwa wasiwasi."

Samaki huyo, aliyebandikwa jina la Bwana Mkubwa, alinunuliwa angali mdogo kama kidole gumba, ili watoto waliopelekwa kunyolewa wapate cha kutazama badala ya kulia. Alinenepa hata akapita kiganja cha mtu mzima: mweusi, mwenye madoa ya rangi ya chungwa, na midomo iliyopinda chini kama ya hakimu aliyeamshwa usingizini. Shemeji humlisha asubuhi, akiwa ananyoa mteja wa kwanza. Basi mashine ya kunyolea ikianza kuvuma tu, Bwana Mkubwa hupanda juu ya maji na kupanua mdomo.

Sasa fundi seremala alikuwa aje Jumamosi kufunga kioo kipya ukutani, mahali hasa palipokaa tangi. Kabla ya siku hiyo samaki alipaswa kupata makao. Kwa dada yangu, mke wa shemeji, hapakuwa na nafasi.

"Chumba na sebule, na watoto watatu," dada alisema. "Huyo akija, mmoja wetu akalale ndani ya maji."

Makao yakikosekana, atatiwa mtoni. Shemeji alilitamka hilo kwa sauti kavu, kisha akaunoa wembe ambao alikuwa ameunoa muda si mrefu.

Mimi niliitwa kwa sababu ya gari.

"Shemeji, wewe una gari na huna kazi."

"Niko likizo. Kazi ninayo."

"Kusoma vitabu si kazi, shemeji. Ni kukaa."

Tulianzia kwa mwenye duka la dawa, aliyekuwa tayari kumpokea samaki pamoja na tangi lake, akatuonyesha mahali pake dirishani. Shemeji akauweka mkono juu ya kizingiti cha dirisha, akautuliza hapo kama anayempima mtoto homa.

"Jua linafika hapa?"

"Mchana kutwa! Atang'aa."

"Ataiva," shemeji akajibu, na tukatoka.

Mwenye mkahawa wa jirani, mama mwenye kitambaa begani, alitusikiliza kwa umakini ulionipa matumaini. Mwisho akauliza, "Ana uzito gani?"

"Kwa nini, mama?"

"Nauliza tu, baba."

"Twende," shemeji akaniambia. "Maswali mengine hujijibu."

Ndani ya gari hakutulia. Alifungua dirisha, akalifunga, akasogeza kiti mbele, akakirudisha. Kila mlango tuliobisha aliutilia kasoro: hapa watoto watagonga kioo, pale umeme hukatika na pampu ya hewa itazima. Ilikuwa rahisi kutambua kwamba mtu aliyechoshwa na samaki hachagui namna hiyo. Sikutambua. Niliona ubishi tu, na nikamwambia kwamba amekuwa kama anayemtafutia binti mchumba.

"Binti ana nafuu," alisema. "Akiteswa hurudi kwao. Huyu atarudi kwa miguu ipi?"

Ijumaa tulimpata daktari wa meno, mteja wake wa zamani, aliyekuwa na tangi pana katika chumba cha kungojea. Lilikuwa kivulini, pampu yake ikifanya kazi, na ndani hamkuwa na kitu ila mawe. Shemeji alilizunguka mara kadhaa akitafuta kasoro, akaikosa. Tulimleta Bwana Mkubwa katika ndoo yenye kifuniko, pamoja na madumu ya maji yake aliyoyazoea.

Alipotiwa tu alizama, akajibanza nyuma ya jiwe na kulala ubavu. Shemeji alidondosha punje ya chakula. Ikampita usoni na kutua mchangani. Shemeji akaketi, akasimama, akaketi tena, hata wagonjwa wakaanza kumwogopa yeye kuliko daktari.

"Nimemuua," alininong'oneza.

"Mpe muda."

"Muda gani? Fundi anakuja kesho. Asipokula, narudi naye."

"Urudi naye wapi?"

Akaikodolea macho ndoo.

Daktari akamwita mgonjwa ndani, na punde mashine yake ikaanza kuvuma nyuma ya mlango. Watu chumbani wakakunja nyuso. Bwana Mkubwa akajiinua, akanyooka, akapanda hadi juu ya maji na kupanua mdomo.

"Kumbe yupo anayeipenda hiyo mashine!" alisema mama mmoja aliyeshika shavu, akacheka, kisha akajuta kucheka.

Shemeji alidondosha punje nyingine. Samaki akaimeza, akadai ya pili. Niligeuka nimpe hongera, nikamkuta anakandamiza kifuniko cha ndoo tupu kilichokwisha kufungika zamani.

"Msaliti," alisema polepole. "Hata siku moja hajaimaliza."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo. Washa gari."

Mwezi uliofuata nilikwenda kunyolewa. Shemeji alikuwa ametoka kununua nyembe. Palipokuwa na tangi sasa palikuwa na kioo kipya, kiti kipya, na nyuma ya kiti alisimama mdogo wake, aliyekuwa amerudi mjini baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Niliketi. Sakafuni, chini ya kiti hicho, alama nne za miguu ya tangi zilikuwa bado zinaonekana.

Nilimwuliza ilikuwaje akaja hapa.

"Mimi nilikataa, kaka," alisema, akinifunga shuka shingoni. "Sikutaka kumbana mtu kwenye riziki yake. Lakini kaka yangu akaniapia kwamba kona hii imekaa bure mwaka mzima. Wateja hunitania eti nimemnyang'anya samaki kiti chake. Nilipomwuliza, akacheka. Akasema huyo samaki alikufa zamani."