Picha za Mafiga Yetu

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, upande wa Kitanga, wilaya ya Kasulu, nikamkuta binamu yangu akikaanga dagaa kwenye jiko la gesi. Nikamuuliza yako wapi mafiga ya bibi. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Dada, nani siku hizi ana muda wa kupuliza moto?" Mawe yenyewe, akasema, yaliingia kwenye msingi wa banda la kuku. Sikumlaumu. Moshi ule ulimharibu bibi macho, na asitokee mtu akaniambia kwamba ulikuwa mtamu. Lakini harufu ya mawese yanayochemka ilinishika palepale mlangoni, na mwaka ule wa 2013 ukanirudia wote, pamoja na hasira zake.

Nilikuwa darasa la sita. Bibi ndiye aliyenilea. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, akazeekea huku akiwa raia, na mpaka mwisho Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kuchota maji, kazi yangu ilikuwa kuzoa majivu. Kwa hiyo wewe rafiki yangu, kama na wewe uliwahi kuchoma vidole ukitafuta kaa lililo hai chini ya majivu, utanielewa nikisema mafiga niliyajua kuliko nilivyojua sura yangu.

Mwaka huo tuliletewa mwalimu wa kike kutoka Tanga. Alifundisha Stadi za Kazi, na alikuwa na kamera ndogo ya mfukoni. Watu wenye kamera tuliowazoea walikuwa wale wa magari ya kwenda kambini kwa wakimbizi: wanashusha kioo, wanampiga picha mtoto mwenye kamasi, vumbi linabaki. Huyu alitufundisha jambo jingine. Chagueni kitu kimoja cha kila siku, akasema, mkipige picha nyumba baada ya nyumba. Simameni umbali uleule, msipange chochote, kisha tuzilaze picha zote pamoja tuone. Mwenzangu mmoja akachagua baiskeli, mwingine milango. Mimi nikasema mafiga. Darasa zima likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichonifanya nisibadilishe.

Jumamosi zilizofuata tukapita nyumba kwa nyumba, mimi na mwalimu. "Mwakeye, karibuni!" akina mama walitupokea kwa salamu yetu ya asubuhi, wamejifunga vitenge vya kanisani, wakidhani wanaopigwa picha ni wao. Ilinibidi niwaombe wasogee pembeni. "Mimi nitoke jikoni kwangu, mawe yabaki?" aliuliza jirani yetu muuza togwa, mikono kiunoni. Akatoka, lakini alisimama nyuma yangu akinipulizia maagizo sikioni mpaka nikamaliza.

Nilidhani nitapata picha moja mara nyingi. Wapi! Kuna aliyepikia juu ya udongo wa kichuguu, mwekundu na laini kama mkate. Kuna aliyetumia matofali ya nyumba iliyobomoka. Mjane mmoja alikuwa na mafiga mawili tu, la tatu likiwa ukuta wenyewe, na sufuria yake ya sombe, kisamvu chetu, ilikaa imara kuliko za wote. Nyumba nyingine ilikuwa na kijiwe cha nne pembeni, cha kopo la uji wa mtoto. Niliona kwamba hakuna jiko lililoiga jingine, na hakuna mtu aliyewahi kutuambia hivyo.

Si wote walifurahi. Mume wa muuza togwa alitujia kwa bibi jioni moja, maharage yakiwa motoni. "Mama, mjukuu wako anaanika umaskini wetu. Picha zitapelekwa Ulaya, watuhurumie." Neno hilo liliniuma, kwa sababu alichokisema hakikuwa uongo, tulishaziona picha za namna hiyo. Bibi aligeuza maharage bila haraka. "Anayetuhurumia hapigi picha ya mawe," akasema. "Anapiga ya machozi. Mwana wanje, mwanangu, endelea."

Mwalimu alizipeleka picha Kasulu mjini zikasafishwe. Mwenye studio alimuuliza kama watu wamekimbia vita, maana hakuona hata mmoja. Zikaja, tukazibandika safu kwa safu kwenye ukuta wa darasa letu kwa ajili ya siku ya wazazi.

Siku moja kabla ya sherehe mwalimu mkuu akaingia. Alitazama ukuta, akavua miwani. "Mgeni rasmi anatoka wilayani. Aje kuona masizi?" Akaniamuru nizibandue. Mwalimu wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa mgeni, na uhamisho ni kalamu tu. Mimi nikasema sizibandui. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilichapwa, nikatumwa kung'oa kisiki nyuma ya vyoo, na picha zikabanduliwa na mtu mwingine, zikatupwa stoo. Nilirudi nyumbani mikono imevimba, nikamweleza bibi yote. Alijifunga kanga akatoka, na nilimsikia akibisha mlango kwa jirani, kisha kwa jirani wa pili.

Asubuhi akina mama walikuja kundi zima. Walimsalimia mwalimu mkuu kwa adabu, wakamwambia wamekuja kutazama mafiga yao. Angefanyaje mbele ya wazazi wote? Stoo ikafunguliwa. Kila mmoja akatafuta picha ya jiko lake, wakigombana na kucheka, wakaenda kukaa mstari wa mbele, kila mama ameshika jiko lake kifuani. Wakakaa hivyo hotuba ikisomwa. Mume wa muuza togwa alikuwa nyuma yao, amesimama wima.

Mgeni rasmi mwishowe aliuliza, "Hizo ni nini, akina mama?"

"Jiko langu hili," akajibu mjane. "La kwako likoje?"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mgeni rasmi akainamia karatasi yake, akaendelea kusoma.

Picha zilikwenda nyumbani na wenyewe, zikabandikwa kwa uji jikoni, na moshi ukazila. Mwaka uliofuata mwalimu wangu alihamishwa, hakuna aliyetuambia sababu. Mjane amekufa. Muuza togwa amehamia Kibondo kwa mwanawe. Bibi tulimzika msimu wa mvua, na tulipotafuta picha yake ya kuweka msalabani hatukuipata. Ndugu walinichoma kwa maneno: miezi yote ile na kamera mkononi, usimpige picha hata bibi yako?

Ninayo ya jiko lake, ambayo mwalimu aliniachia nakala yake. Figa la kushoto limelika juu, pale alipokuwa akiegesha chungu akivuta pumzi, mwaka baada ya mwaka. Nimeitundika sebuleni, na wageni wakiniuliza kwa nini natundika mawe, nawajibu kwamba huyo ni bibi yangu. Wanaocheka wacheke. Siibandui.