Ua wa Sajenti

Kwa miaka kumi na tisa Tajudin bin Abdulghani alijenga nyua Kampala, na katika muda huo wote hakuna aliyemwuliza ua wake unatazama upande gani. Ulitazama nje. Mwizi alikuwa nje, kondo, yaani jambazi mwenye bunduki, alikuwa nje. Kwa hiyo zile mbao za kulala, zinazounganisha nguzo na nguzo, zilipigiliwa upande wa ndani, ili anayekuja kutoka barabarani asipate pa kuweka mguu. Kila fundi wa Katwe alijua hivyo, na hakuna aliyekumbuka nani alimfundisha.

Karakana yake ilikuwa Katwe, kati ya mtu aliyefua masufuria na mtu aliyetengeneza masanduku ya bati. Nyumbani kwake kulikuwa Nateete, alikoishi na mkewe Kulthum na binti yao Sabah. Babu yake alipanda kutoka pwani na msafara wa pembe, akaoa, akabaki. Nyumbani walisema Kiswahili cha babu huyo. Katwe biashara ilikuwa ya Kiganda, na Kiswahili kilikuwa lugha ya Landrova za jeshi. Askari waliposimamisha gari mbele ya karakana, nyundo zote zilinyamaza, na majirani wakamtazama Tajudin.

"Nenda wewe, Taju," walimwambia. "Wale ni watu wa lugha yako."

Hivyo ndivyo alivyopata kazi ya Meja mwaka 1974. Meja huyo alikuwa amegawiwa nyumba Kololo, nyumba ya Mhindi mfanyabiashara wa mbao aliyefukuzwa nchini miaka miwili kabla. Aligawiwa pamoja na vilivyomo, kwa orodha: viti kumi na viwili, friji moja, piano moja, mbwa mmoja. Mbwa alikuwa na kimo cha ndama, na kifua kipana. Meja alimpa jina la Sajenti. Tajudin akazungusha ua wa wavu wa waya, futi sita, mbao za kulala zikiwa ndani, na juu yake nyuzi tatu za seng'enge zilizoinamia barabarani. Kwa miaka miwili hakuna mwizi aliyeingia.

Mwanzoni mwa mwaka 1976 Sajenti alijifunza kupanda. Aliweka miguu ya mbele kwenye ubao wa kwanza, akaingiza makucha ya nyuma kwenye matundu ya wavu, akafika ubao wa pili. Seng'enge iliyoinamia nje haikumzuia. Aliyetoka ndani aliiteremkia kama paa la nyumba. Mara ya kwanza alirudi na mguu wa mbuzi mdomoni. Mara ya pili alimuuma mtumishi wa jirani, na jambo hilo halikuhesabiwa. Mara ya tatu alimuuma mke wa kanali aliyekaa nyumba ya tatu. Kanali alituma salamu fupi: mbwa yule akionekana tena barabarani, atapigwa risasi, kisha kitatafutwa kichwa cha aliyemfungulia.

Siku iliyofuata Landrova ilikwenda Katwe.

Meja alimpokea Tajudin barazani. Alikuwa akimenya yai la kuchemsha.

"Fundi, wewe najenga ua ao najenga ngazi?"

"Afande, ua ule ulijengwa kuzuia watu wasiingie."

"Mimi sisemi watu. Mimi nasema mbwa."

"Ndiyo, Afande."

"Mpaka Ijumaa. Siku mbwa natoka tena, wewe nakaa hapa ndani. Nakula sahani yake. Nasikia?"

"Nimesikia, Afande."

Askari aliyesimama mlangoni alicheka. Meja hakucheka, alitia chumvi yai lake. Tajudin alielewa kwamba hayakuwa maneno ya mzaha. Katika miezi ile watu walichukuliwa majumbani mwao kwa sababu ndogo kuliko ua, na wake zao waliambiwa wasiulize.

Asubuhi nzima aliketi juu ya kreti la bia akimtazama Sajenti. Mwenzake alikuwa Oduor, mpishi wa Meja, Mjaluo wa upande wa Kenya, aliyewahi kuwapikia wazungu wa Port Bell. Kumlisha mbwa ilikuwa kazi yake pia.

"Ratili mbili za nyama kila siku," Oduor alisema. "Yeye anakula, mimi ninanusa. Na bado anataka kutoroka. Mimi ningelala chali."

"Una cheo gani wewe?"

"Sina."

"Basi usijilinganishe na sajenti."

"Jenga ukuta wa matofali, Mzee, sote tulale usingizi."

"Saruji iko wapi? Saruji ya siku hizi inasikika redioni tu."

"Ongeza seng'enge basi, igeuze iiname ndani."

"Itampasua tumbo, kisha niulizwe nani alimjeruhi."

"Michongoma?"

"Miaka mitatu ndipo ishikane. Mimi nimepewa mpaka Ijumaa."

"Mnyororo?"

"Nimemwomba. Amesema askari wake hafungwi mnyororo."

Oduor aliangalia mlangoni kwanza, kisha akasema polepole, "Huyo ndiye peke yake asiyefungwa nchi hii."

Tajudin aliona mambo matatu. Sajenti hakuwa mrukaji, alikuwa mpandaji. Alianza kupanda kila alipoona kitu kikipita, baiskeli au kuku. Na alipokosa kupanda alifukua. Kwa hiyo ua ulitakiwa uwe kipofu, uwe laini, na uzame ardhini. Kilichopatikana Katwe bila kibali kilikuwa mapipa ya mafuta. Yakipasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, kila pipa linatoa bati zito, futi tatu kwa sita, lisilo na mkunjo. Ila mbao za kulala zingehamia nje. Alimweleza Meja wazi kwamba mwizi angepata ngazi.

"Mwizi gani nakuja nyumba yangu?" Meja aliuliza.

Ilibaki kumpima mbwa. Oduor alishika kipande cha nyama juu ya nguzo, Sajenti akasimama kwa miguu ya nyuma akajinyoosha, na Tajudin akachora mstari wa chaki makucha yalipofika. Futi sita na inchi mbili. Ute wa mbwa ulimdondokea mkononi mpaka kwenye kiwiko. Kwa dini yake ute wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, hivyo alikwenda kando ya jikoni akachota udongo, na Oduor akammiminia maji kutoka kwenye debe, kwa kuwa bomba lilikuwa kavu tangu Jumapili.

"Hii ya tano," Oduor alisema.

"Ya nne."

"Ya tano, Mzee. Maji nimeyabeba mimi kutoka bondeni, kila tone ninalijua jina."

"Ya nne. Dini si yako, usinipunje."

"Haya, ya nne. Lakini Mungu wako akiuliza, mwambie mpishi alikuwa na mgongo."

Ua ulikwisha Alhamisi. Mabati yalizama ardhini futi moja na nusu na kusimama futi saba na nusu. Juu kabisa Tajudin aliongeza kitu alichokibuni mwenyewe: waya mnene uliokazwa kutoka nguzo hadi nguzo, na ndani ya kila nafasi kipande cha bomba la maji kilichovishwa kwenye waya huo, kikiwa kimelegea. Kiumbe akilishika, bomba linazunguka na kumwangusha.

Sajenti alifunguliwa. Alikimbilia bati, makucha yakalia, akateleza. Alirudi nyuma, akaja kwa kasi, miguu ya mbele ikalifikia bomba, bomba likazunguka, akaanguka chali. Oduor alicheka mpaka akashika tumbo, na Tajudin pia akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Mbwa alifukua, akakuta bati. Siku ya tatu alilala kivulini na hakujaribu tena.

"Leo umekula," Kulthum alimwambia mumewe nyumbani.

Baada ya wiki kadhaa Meja alikuwa na mgeni, mtu aliyevaa kiraia na ambaye askari walimpigia saluti. Mgeni alizunguka uwanja na glasi mkononi, akapanda juu ya kiti, akalisukuma bomba kwa kidole. Lilizunguka. Akauliza ni kazi ya nani.

Safari hiyo Tajudin alipelekwa kwenye godauni kuukuu la kahawa, kando ya njia ya Port Bell. Nyuma yake palikuwa na uwanja mtupu. Aliuliza kama anavyomwuliza mteja yeyote.

"Mbwa ni wa namna gani, Afande?"

Yule mgeni wa kiraia alimwita mwenzake. "Rudia. Na yeye asikie."

Tajudin aliinamia zana zake. Wakamwambia asimame kwenye nguzo, anyooshe mikono juu. Mmoja wao akachora chaki juu ya vidole vyake.

"Ongeza kama uliongeza kwa yule wa Meja," alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi.

Alifanya kazi siku kumi na moja. Nyumbani alisema anajenga stoo.

"Stoo ya nini, Baba Sabah?"

"Ya kahawa."

"Na yale mabomba uliyonunua?"

"Ya juu ya ua."

"Kahawa inaruka?"

Kulthum aliondoa sahani, na tangu siku ile hakumwuliza tena habari za kazi.

Siku ya mwisho lilibaki bati moja, kwenye pembe ya nyuma ya choo, mahali ambapo mtu hakuonekana kutoka godauni. Walinzi wawili walikuwa wamelala chini ya lori kwa joto la mchana. Bati lilihitaji ribiti kumi na mbili za kulikaza. Akipiga nne za juu tu, bati lingesimama kama mengine, na mtu wa nguvu za kawaida angelisukuma chini kwa bega akapita. Tajudin alipiga zile nne. Akasimama na nyundo. Hakuna aliyekuja. Alisikiliza mmoja wa walinzi akikoroma. Aliwaza juu ya Sabah, na juu ya sahani ya bati ya mbwa iliyokuwa Kololo, kisha akapiga ya tano, na akaendelea mpaka ya kumi na mbili. Ribiti moja ilionekana imelegea. Akaongeza ya kumi na tatu.

Hakuna aliyekuja kukagua. Walipakia zana zake garini, wakamrudisha Katwe.

Miezi hiyohiyo redio ilikuwa ikiisema Kenya vibaya, na Wakenya wakaanza kutolewa kazini na vyumbani mwao. Meja alikuwa amemhakikishia Oduor kwamba mpishi wake haguswi. Tajudin alipokwenda Kololo mwezi wa nane kutia mabomba grisi, jikoni palikuwa na mtu mwingine. Mlinzi wa lango alimsimulia. Walikuja wanne, mchana, Meja yupo barazani. Oduor aliwaomba kitu kimoja: wangoje wali uive.

"Wamempeleka wapi?"

"Upande wa Port Bell."

Tajudin alitia grisi mabomba yote, akaenda zake.

Mwaka 1979 askari wale walikimbia, na Meja akakimbia nao. Watu walibomoa ua wa Kololo kwa siku moja wakaezekea vibanda. Sajenti alitoka akaondoka zake, wala hakuna aliyemfuata. Ule wa godauni ulichukua siku nne kubomolewa. Walioubomoa waliusifu, wakisema haukufanywa na mtu wa kubabaisha. Tajudin aliacha kujenga nyua. Alitengeneza majiko ya mkaa. Katwe hakuna aliyemshtaki kwa lolote. Waliacha tu kumwamkia kwanza.

Mwezi wa sita mwaka huo mwanamke alikuja karakanani akiuliza jina lake. Aliitwa Loice Nabwire, mke wa Oduor. Alikuwa ametoka Busia kwa lori. Tajudin alimpa kigoda. Hakuwa na chai.

"Mzee, sikuja kwa ugomvi," alisema. "Kuna mtu alitoka mle godauni akiwa hai. Alinitafuta. Alisema wenzake walipanga kuruka, na mume wangu aliwakataza. Aliwaambia, 'Msijivunje miguu bure, ua huu nimeuona ukijaribiwa. Fundi wake ninamjua.'"

Tajudin alishika jiko lililokuwa mapajani mwake.

"Walimsikiliza, wakakaa. Yule mtu alinusurika kwa kuwa alihamishwa. Waliobaki hawakutoka. Nimekuja kuuliza jambo moja. Wewe ulimjua Oduor, mlikuwa mkitaniana, aliniambia. Ulipokuwa ukijenga, haikuwezekana uache nafasi? Hata mahali pamoja tu?"

Jirani wa masufuria alikuwa ameacha kugonga.

"Walikagua kila ribiti, mama," Tajudin alisema. "Moja baada ya moja. Kwa mkono."

Loice akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Asante, Mzee," alisema akiinuka. "Nilitaka tu kujua kwamba hapakuwa na njia."