Mjomba wa Ognjen

Kazi ya Dragutin ilikuwa kusaka vipaji. Timu moja ya Marekani ilimlipa azunguke Serbia kuangalia vijana wa mpira wa kikapu, kisha aseme yupi achaguliwe na yupi aachwe. Siku hizi alikuwa amechoka, amechoka hata na mlio wa viatu sakafuni. Vijana wawili wa mwisho aliowasifu waliharibika magoti, na bosi alishamwambia: wa tatu akiharibika, basi, akapumzike na wajukuu.

Ognjen, kijana wa mji wa Ivanjica, Dragutin alimwona asubuhi uwanjani. Mikono mirefu, macho kama yapo hadi kisogoni, na pasi zake utadhani anagawa mkate. Lakini kijana alikuwa bado anakua, na Dragutin, kama wenzake wa huko, hakuwa akisema neno kabla hajamwona kaka wa mama. Wanaamini mtoto hurithi kimo kwa mjomba.

Basi wakaenda nyumbani kwa kijana. Slavica, mama wa kijana, akamkaribisha mgeni kwa kijiko cha matunda ya sukari na maji baridi. Baba akamimina rakija, pombe yao kali ya matunda.

"Mjomba anakuja," baba akajigamba. "Andaa shingo, mzee!"

Miloje akaingia ameinama mlangoni. Mtu mnara! Baba akapiga makofi. "Unaona? Kijana wetu atafika hapo!"

Dragutin hakuwa akiangalia juu. Alimtazama Miloje akikaa: kiti amekishika kwa mikono miwili, miguu imekakamaa kama mbao.

"Ulicheza?"

"Nilicheza! Nikiwa na miaka kumi na tisa, magoti yakaniharibika," Miloje akacheka. "Na baba yetu hivyo hivyo. Sisi ukoo wa majitu ya kutembelea fimbo."

Slavica peke yake hakucheka. Ognjen alikuwa akijikanda chini ya goti, hata mwenyewe hajui.

Simu ikalia. Bosi. "Enhe mzee, tumchukue?"

Angeweza kusema atapiga baadaye. Lakini wote walikuwa wakimtazama, akaona haya kwenda kunong'ona uani.

"Sijaona kipaji kama hiki siku nyingi," alisema. Baba akanyanyua glasi. "Lakini mwaka huu msimchukue. Apimwe magoti kwanza, apumzishwe."

"Mwakani wengine watambeba."

"Wambebe."

Akakata simu.

"Mzee mchawi wewe!" baba akafoka. "Na rakija yangu umekunywa!"

Ognjen akatoka bila kuaga. Slavica akamsogezea Dragutin bakuli la supu.

"Kula, baba," alisema polepole. "Basi la kukurudisha Čačak bado halijafika."

Dragutin akala, ingawa hamu hakuwa nayo.