Uyoga wa Kumpa Paulina Rangi

Nilipokuwa mtoto, siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, Bibi alimpaka dada yangu Paulina uyoga kwa mara ya kwanza. Saa hiyo naijua kwa sababu kengele ya shule ilikuwa imekwisha kulia na jua lilikuwa ndiyo kwanza limefika kizingitini petu. Tuliishi upande wa Endasak, miaka ile nchi ilipofungulia biashara huria, kabla Manyara haijawa mkoa.

Paulina alizaliwa na ualbino. Juu ya sikio alikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Muuguzi wa zahanati, mgeni kutoka Tanga, alimwambia mama, "Huyu asikae juani. Mvalishe kofia." Mama akanunua kofia pana ya mtumba. Bibi akaitundika ukutani.

Katika ujana wake Bibi alikuwa fundi wa ngozi. Alizilainisha ngozi za mbuzi kwa samli, akazipaka udongo mwekundu na kuzianika. Rangi isiyopigwa jua, alisema, huondoka na mvua ya kwanza. Kwa imani hiyohiyo alisaga uyoga mweusi wa kwenye magogo yaliyoungua, uliosadikiwa kula vidonda na kumrudishia rangi aliyezaliwa bila nayo. Kisha alimkalisha mjukuu wake uani, uso ukielekea jua.

"Bibi, unanikaanga!" Paulina alilalamika huku akicheka.

"Kaa kimya. Rangi haipendi kelele."

"Nikitoka mweusi kumshinda huyu," Paulina alisema, akininyooshea kidole, "mimi ndiye nitakayemwita zeruzeru."

Aliitaka rangi ile kuliko chakula. Asubuhi ambazo Bibi alichelewa, alijipaka mwenyewe na kwenda kukaa. Kidonda kilipofunga kigaga cheusi, Bibi alipiga vigelegele, na majirani wakaja kutazama rangi ikianza. Chini ya kigaga nyama iliendelea kuoza. Uvimbe ulipofika shingoni, mama alimpeleka hospitali, akarudi naye. Ilikuwa saratani ya ngozi, na tulikuwa tumechelewa.

"Bibi, rangi imefika wapi?" Paulina aliuliza kitandani.

"Inakuja, mama. Inakuja."

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari na mvi. Nimesoma kwamba wataalamu wanachunguza dawa zilizomo katika uyoga, kwa rangi ya ngozi na kwa saratani yake. Sibishi. Huenda mkono mmoja wa Bibi ulishika jambo la kweli. Mkono wa pili ulimwelekeza mtoto juani, na hakuna kitabu kilichonipa faraja juu ya hilo.

Majirani zetu wa Nangwa husema uyoga ule ulikuwa na sumu. Haukuwa nayo. Wengine husema Bibi alimchukia mtoto asiyefanana naye. Alimpenda kuliko sisi sote. Na wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba watu kama Paulina hawafi, bali hutoweka. Paulina alikufa. Alilia kwa maumivu mpaka sauti ikakatika, na tulimzika mchana, kijiji kizima kikitazama.