Mvua Imenyesha Milimani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimevaa viatu vya visigino ili nionekane mtu wa ofisi, nilipoandika maneno mawili kwenye karatasi na kidogo tu niue mtu. Kaa nikueleze. Nitakwenda polepole, maana magoti yangu yamenizoesha hivyo.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya kutembeza watalii pale Banda Street, jijini Nairobi, ghorofa ya tatu. Kampuni yenyewe ilikufa zamani. Kazi yangu ilikuwa kupanga safari za kaskazini: mgeni alale wapi siku ya kwanza, apite njia gani siku ya pili, ale chakula cha mchana wapi. Ukutani palikuwa na ramani, na mkononi nilikuwa na rula ya mbao. Nilipima kutoka hapa hadi pale, nikazidisha, nikaandika: saa tatu. Wageni waliniuliza juu ya punda milia wa kule wenye mistari myembamba, na wale swala wa shingo ndefu wanaosimama kwa miguu miwili kula majani, nami niliwajibu kama mtu aliyelelewa nao. Mwanangu, mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Nanyuki kwenda huko kaskazini.

Kwenye meza ya pembeni palikuwa na redio kubwa ya kijivu, ile ya kuzungumza na kambi, kwa sababu simu za mkononi zilikuwa hazijazaliwa. Kila siku saa moja kamili asubuhi nilishika maiki, nikabonyeza kitufe chake kwa kidole gumba, nikaita kambi moja baada ya nyingine. Wote walikuwa kwenye wimbi moja. Ulichomwambia mmoja, walikisikia wote, kwa hivyo haikuwa redio ya kuombea radhi wala ya kutongozea.

Kambi ya mwisho, ya mbali kuliko zote, ilikuwa mbele ya mji mdogo wa Wamba, kando ya laga. Laga ni mto wa mchanga, mpana, usio na maji karibu mwaka mzima. Aliyejibu kutoka huko alikuwa mlinzi Msamburu, Mzee Lekadaa. Nilimwita mzee kwa ajili ya sauti yake tu. Baadaye nilikuja kujua alikuwa hata hajafika arobaini na tano.

"Nairobi, Nairobi," alikuwa akisema, "mimi nasikia wewe mzuri. Endelea. Ova." Ova ni kusema nimemaliza, zamu yako.

Nikimaliza kumsomea majina ya wageni, alinipa habari za huko. Tembo jike mwenye pembe moja amekuja tena nyuma ya jikoni, amechimba mchanga kwa mguu mpaka maji yakatoka, na amemwacha mtoto anywe kwanza. Choroa wamepita alfajiri, wengi, wanaelekea kwenye majani mapya. Mimi nilifumba macho. Chini barabarani watu walikuwa wakipiga honi, na mimi niko kando ya mchanga ule namngoja tembo amalize kunywa. Nilitamani kuwa kule, mwanangu, jinsi mtu anavyotamani nyumbani, na wala hakukuwa kwetu.

Basi ilikuwa Aprili. Nilikuwa na wageni wawili wazee, mume na mke, walimu waliostaafu, na dereva wetu Kimani alikuwa tayari kuwatoa kambi moja kuwapeleka kwa Lekadaa. Nikaita.

"Mzee, kumenyesha huko? Ova."

"Hapa hapana. Hapa jua. Mvua imenyesha milimani, jana, mchana wote. Ova."

"Kwa hivyo njia ni kavu. Asante sana. Ova."

Akarudia: "Nairobi, mimi nasema imenyesha milimani."

"Nimekupata, mzee," nikasema, na nikaandika yale maneno yangu mawili: njia kavu. Nikampa Kimani ruhusa aondoke. Kisha nikaenda kunywa chai.

Mtu wa Riruta, mtaa wetu huu wa Nairobi, anajua mvua ikinyesha kwake, tope liko kwake. Hajui kwamba kuna nchi ambako mvua inanyesha kwenye milima ya mbali, na wewe huku umesimama kwenye mchanga mkavu, anga jeupe, halafu maji yanakujia bila hata wingu. Kimani alivuka laga ya kwanza vizuri. Alipofika ya pili akakuta maji yamejaa yanabeba miti. Akageuza gari, na ile ya kwanza nayo ilikuwa imeshajaa maji nyuma yake. Walikaa katikati siku mbili. Yule mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chakula walichokuwa nacho ni kile cha mchana mmoja, kile nilichokipanga mimi kwa rula.

Lekadaa ndiye aliyewafikia. Alitembea kwa miguu na vijana wawili, wakavuka kwa kamba, wakabeba maziwa. Yule mama alipona. Lakini asubuhi ya tatu, saa moja kamili, niliposhika maiki kambi zote zilikuwa zikisikiliza.

"Nairobi," akasema. Hakuongeza sauti. "Wewe nasikia maneno. Habari hapana sikia. Mimi nauliza wewe: mguu yako imekanyaga hapa? Ova."

"Hapana, mzee. Ova."

"Na watu unatuma?"

Kuna kukemewa faraghani na kuna kukemewa mbele ya kaskazini nzima. Nililia, na kwa bahati nilikuwa nimeachia kile kitufe. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Njoo. Siku tatu tu. Mimi naonyesha wewe laga, naonyesha milima, naonyesha ile tembo ya pembe moja. Ukiona, hutasahau. Unakuja lini?"

"Nitakuja Agosti, mzee."

Wote walisikia. Ahadi ni deni, na yangu ilikuwa na mashahidi wa kambi kumi.

Agosti ile nilikuwa naposwa. Agosti ya pili nilikuwa na mimba ya mama yake Shiru, mjukuu wangu. Halafu tukaanza kujenga Riruta, na anayejenga hatoki, mafundi watamwibia saruji. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka: "Mtu ana nyumba ya mawe, anataka kwenda kulala kwa hema? Likizo ni kwenda shambani kupalilia." Na huo ndio ulikuwa ukweli wa watu wetu wote, kuanzia Dagoretti Corner hadi Uthiru. Likizo ilikuwa jembe. Ningewaambia nini kwenye kamati ya kina mama kanisani, kwamba nimeacha watoto nimekwenda kumtazama tembo akinywa maji?

Kwa hivyo nilipanga. Hilo sikuacha hata mwaka mmoja. Nilikuwa na daftari la safari yangu mwenyewe, nikirekebisha njia, nikibadilisha miezi. Ngoja nimalize hili, ngoja mtoto aanze shule. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mwenye kungoja huwa anadhani tumbo lake ni la chuma. Na kila Agosti ikikaribia, kambi moja au nyingine ilikuwa ikinitania hewani: "Nairobi, umeshafika?" Lekadaa hakutania. Alisema tu, "Tembo iko. Mimi iko. Endelea."

Kisha simu za mkononi zikaja, na fundi akapanda juu ya paa pale Banda Street kuteremsha waya wa redio. Asubuhi ya mwisho niliiita kambi ile ya mbali nikamwambia Lekadaa kwamba redio inafungwa.

"Sasa mimi napata wewe wapi?" akauliza.

"Nitakuja mwenyewe, mzee. Agosti."

Alicheka, kicheko kirefu kisicho na ubaya wowote, kikakatika katikati. Sikusikia sauti ile tena. Nilistaafu, nikazika mume, nikalea wajukuu, na hadi leo saa moja ya asubuhi ikinikuta jikoni Riruta nashika kikombe na sinywi. Nangoja kidogo. Wajukuu hudhani shosho, yaani bibi yao, anasali.

Sasa nije kwenu vijana. Mwaka jana mjukuu wangu Shiru aliwaleta nyumbani rafiki zake watatu, wakajaza meza yangu simu, wakipanga kwenda kaskazini kuona wanyama. Nilipouliza, nikaambiwa safari hiyo imo kwenye kikundi chao cha simu mwaka wa tatu sasa.

"Shosh, plan iko sawa," Shiru akasema. "Kutoka hapa mpaka kambi ni masaa saba. Ramani ya simu imesema."

"Ramani imekanyaga huko?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda chumbani nikarudi na rula yangu ya mbao, nikaiweka katikati ya zile simu, nikawasimulia haya ninayokusimulia. Nilipomaliza, Shiru alitafuta namba ya watu wanaotunza wanyama sehemu zile, akapiga, akaweka sauti ya juu. Mama mmoja akajibu. Nikamuuliza kama anamjua mzee aitwaye Lekadaa.

"Huyo ni baba yetu hapa wote. Yuko. Amezeeka tu."

Yuko. Mwanangu, nilikaa chini.

Tukapanga Agosti, ndiyo, ileile. Wiki ya safari ilipofika, mmoja akasema kazini wamemkatalia, mwingine akasema tungoje Desemba, wa tatu hakujibu kabisa. Shiru akaja kwangu uso umemshuka. "Shosh, tuahirishe tu."

"Mimi nimeahirisha maisha yangu yote," nikamwambia. "Chukua begi."

Tulikwenda wawili, mimi na mjukuu wangu, na dereva mwenyeji wa Isiolo tuliyemuuliza kila kitu. Kuuliza si ujinga. Yale masaa saba yalikuwa siku mbili. Nikaona twiga, nikaona choroa, nikaona punda milia wa mistari myembamba, na kila nilichokiona nilikuwa nimeshakisikia kwa sauti ya mtu mmoja.

Tulimkuta ameketi nje ya nyumba yake kwenye kigoda kidogo, mwembamba, fimbo mapajani. Sikuwahi kuuona uso ule. Nilipiga magoti haya mabovu mbele yake.

"Mzee," nikasema, "ni mimi. Nairobi."

Alinitazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mgeni yeyote. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mwanawe, aliyekuwa amesimama karibu, akatikisa kichwa.

"Masikio yalikwisha, mama. Mwaka wa nne huu. Hata ukipiga kelele hasikii."

Uchungu nilioupata sitaki nikufiche. Huyu mtu alinijua kwa sauti. Hakuwa na kitu changu kingine, si uso, si jina la baba yangu, wala picha. Nilikuwa nimeileta sauti hiyo kutoka Riruta, nimeilea miaka yote hiyo, nami nimeifikisha mlangoni wakati mlango umefungwa. Miaka minne tu. Laiti ningekuja hata Agosti ile ya juzijuzi, alipokufa mume wangu nikasema ngoja nimalize matanga.

Sikujua la kufanya. Mkono wenyewe ndio uliojua. Nilikunja ngumi, nikaisogeza mdomoni, nikabonyeza hewa kwa kidole gumba.

Mzee aliitazama ngumi ile muda mrefu. Kisha akaitua fimbo chini. Akakunja ngumi yake, polepole, vidole vilikuwa vimekakamaa, akaipeleka mdomoni.

"Nairobi, Nairobi," akasema. "Mimi nasikia wewe mzuri. Endelea."

Sikuweza kuendelea. Shiru alikuwa akilia nyuma yangu, mtoto wa watu ambaye hata hakuijua redio ile. Mzee akanishika mkono, akanipeleka hatua mia moja hivi hadi kwenye laga. Akanionyesha shimo ambalo tembo walilichimba asubuhi hiyo, maji yangali chini yake. Akanyoosha kidole kimoja, kisha akamwelekezea tembo aliyesimama ng'ambo: yule wa pembe moja hayupo, huyu ni mtoto wake. Kisha akaigeuza fimbo akaielekeza mbali, kwenye milima, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa. Akanitazama kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Jioni yake maji yalishuka yakajaza laga, na anga juu yetu lilikuwa safi.

Basi sikia, mwanangu. Kupanga ni kutamu, na ndiyo maana kunadanganya. Daftari lililojaa linamfanya mtu aone kama ameshafika. Ukitaka kwenda mahali, muulize anayekaa huko, na akikujibu, usichague katika jibu lake lile linalokupendeza wewe. Rafiki wakikataa, nenda na mmoja. Asiyetembea hudhani ni mamake peke yake ajuaye kupika. Wanyama watakungoja labda, na milima itakungoja hakika. Watu hawawezi. Nami nikikumbuka mzee yule, simlilii yeye, maana yeye alikuwepo kila asubuhi. Najililia mimi.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Mito iwe imeshusha maji yake yote kabla hujafika na imekauka ukirudi. Na yeyote uliyemwambia "nitakuja", akujalie umfikie ungali na la kumwambia, naye angali anasikia.