Pilipili Anataka Kugombezwa

Mke wangu ana kicheko cha kutikisa mabati, na watoto anaowahudumia wamembandika jina la Sista Honi. Ni muuguzi. Wagonjwa wake ni watoto ambao hospitali imeshasema haiwezi tena kuwaponya, basi yeye huwafuata nyumbani, awapunguzie maumivu na kuwatuliza wazazi. Watu wakisikia kazi hiyo hushusha sauti wakampa pole. Pole hiyo ningeomba nipewe mimi, maana ni seremala, na tangu tuoane sijawahi kumaliza kabati la mteja kwa wakati. Nikishika randa tu, utasikia, "Baba watoto, kuna kitanda cha kurekebisha." Shukrani yangu ni chai, na chai yenyewe huinywa yeye.

Siku hiyo tulikwenda kwa binti wa miaka tisa mwenye saratani ya mfupa. Bibi yake alimwita Pilipili tangu mdogo, kwa sababu ya ulimi wake. Nilikuwa nimemtengenezea kiegemeo cha mbao, ili aweze kukaa kitandani na kuona watu wanaopita nje. Nikatandaza vifaa vyangu pembeni ya kitanda. Mke wangu akamsalimia mgonjwa kwanza, kama kawaida yake. Wakubwa husubiri zamu.

Pilipili hakuitikia. Mama yake akatueleza kwa kunong'ona kwamba tangu jana mtoto amekataa dawa ya maumivu. Anafumba mdomo tu. Baba yake alipiga magoti kumbembeleza mpaka akachelewa kazini, na dada yake akaahidi kumpa sketi mpya. Bila dawa ile maumivu yangempanda, na usoni yalikwisha kuanza kuonekana.

Mke wangu akamwomba mama atuachie nafasi kidogo, kisha akajitupa kwenye kiti.

"Haya, mwanangu. Mimi sibembelezi mtu. Niambie, una ugomvi na nani?"

"Sina ugomvi na mtu, shangazi. Ndiyo shida yenyewe." Akavuta pumzi. "Hawanigombezi. Nilimwaga mchuzi kwenye kochi makusudi, mama akaniuliza kama nimeungua. Nikaficha miwani ya bibi, akagombezwa dada. Jana nikasema dawa sinywi, baba akapiga magoti. Baba huyu huyu aliyekuwa ananifokea nikiacha taa inawaka."

"Kwa hiyo wewe unataka kufokewa."

"Dada anaambiwa, kesho usirudie. Mimi hakuna anayeniambia habari ya kesho."

Nilikuwa nimebana misumari midomoni, na nilisahau kuitoa. Mke wangu hakucheka wala hakulia.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini dawa haijakukosea kitu. Kunywa, halafu ugomvi uendelee."

"Nitakunywa mama akinigombeza."

Basi tukahamia jikoni, mimi nikiwa na patasi mkononi. Mke wangu akamweleza mama mtu kila kitu, naye akashika kichwa.

"Siwezi, dada. Nitamgombezaje mtoto mgonjwa? Nitaanzia wapi?"

"Umesahau tu. Jaribu kwa huyu." Akaninyooshea kidole mimi. "Amezoea."

Mama yule akaanza kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Fundi, samahani, naona umeniletea vumbi kidogo la mbao..."

"Hiyo ni salamu," mke wangu akasema. "Mgombeze."

Akajaribu tena. Akaanza na vumbi, akaja kwenye viatu vyangu juu ya mkeka wake, akaja kwenye nyundo inayogongwa wakati kichwa kinamuuma. Kisha akaacha habari zangu kabisa. Akawashukia majirani wanaokuja kulia sebuleni kwake halafu yeye ndiye awabembeleze, na daktari aliyempa habari mbaya huku anatazama simu. Yote yalinishukia mimi, nimesimama wima kama mtuhumiwa. Mwishowe akalia, mke wangu akamkumbatia, nami nikatafuta ufagio.

Sauti ikatoka chumbani. "Mama, fundi kafanya nini?"

Mama yake akajifuta uso, akaenda, nasi tukamfuata. Mlangoni akasimama ghafla. Pilipili alikuwa ameokota penseli yangu ya useremala na kuchora ukutani, pale mkono wake ulipofika, picha ya Sista Honi mwenye mdomo mpana kuliko beseni.

"Wewe," mama yake akasema. Nikadhani ataishia hapo. "Wewe mtoto wewe. Ukuta aliopaka baba yako juzi juzi tu, mgongo unamuuma, wewe unauchora kama daftari? Hebu lete hiyo penseli. Lete, nimesema. Na dawa yako unakunywa sasa hivi, sitaki kusikia habari ya kufumba mdomo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Akafungua mdomo. Alimeza dawa huku akimtazama mama yake, na tabasamu akashindwa kulizuia. Dada yake, aliyevutwa na kelele zile, akauliza ni nani atakayefuta ukuta.

"Atafuta mwenyewe," mama akasema. "Mikono anayo."

Dada mtu akakimbilia kitambaa kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha.

Dawa ilipoanza kufanya kazi, nikakifunga kiegemeo kitandani, Pilipili akaketi na kuanza kusugua. Alifuta sikio moja la mke wangu, akachoka. Nikaona mama yake ananyoosha mkono ampokee kitambaa. Mke wangu akamkanyaga mguu. Siku ile nilijivunia kuwa mume wa mwanamke yule, japo sikumwambia, asije akaniongezea vitanda.

Mama akakohoa kidogo. "Basi, inatosha kwa leo. Hilo domo utalifuta kesho."

Pilipili akaweka kitambaa pembeni, akamgeukia dada yake.

"Umesikia? Kesho nina kazi."