Bega Nililokata kwa Mfaransa wa Ruiru

Kule Ruiru bado wako wazee ambao wakikutana nami njiani huniuliza kwanza habari za kazi, kisha habari za mvua, halafu kwa uso mkavu kabisa huniuliza kama mke wangu mkubwa hajambo. Mimi nina mke mmoja tu, wa kanisani, na cheti cha ndoa kiko ukutani karibu na diploma yangu. Lakini siwezi kuwakasirikia, kwa maana aibu ile niliitafuta mwenyewe, nikaivalia suti na tai, nikaipeleka hoteli ya Kifaransa mchana kweupe, na nisipoisimulia mimi mtasimuliwa na wengine, nao hutia chumvi.

Kwanza mnijue. Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka pande zetu za Kamenu kwenda Liverpool kusomea ukaguzi wa nyama. Sikupelekwa na serikali wala na misheni, nilijipeleka, kwa jasho la kuuza ngozi za mbuzi tangu nikiwa kijana wa kaptura. Nilirudi na diploma yenye mhuri mwekundu, suti ya rangi ya majivu, na mwavuli ambao sikuufungua hata kwenye mvua kwa sababu nilipenda jinsi ulivyokunjika. (Diploma niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika chumbani kwangu Makongeni mkabala na mlango, ili hata aliyekuja kuomba kiberiti aisome kwanza.) Kila mfupa wa mnyama mwenye kwato naujua kwa jina la Kilatini. Yawekeni maneno hayo akilini, maana ndiyo yaliyonimaliza.

Wakati huo, mwishoni mwa ile miaka ya hamsini, nilikuwa nikimchumbia Wairimu, mwalimu wa shule ya msingi pale Ruiru, msichana anayecheka kwa macho kabla ya mdomo, binti wa Mzee Gakuo. Mambo ya mahari yalikuwa yamezungumzwa yakaisha, kikabaki kitu kimoja tu cha kufunga habari yote, na wasiojua desturi yetu niwaeleze hapa hapa: kwetu bwana harusi hukata bega la mbuzi, la mguu wa mbele, pale kwenye kiungo, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na kile kipande humpa msichana, na msichana akikipokea akakila, basi, hakuna swali tena, huyo ni mke wake, hata kama padri bado yuko safarini. Mzee Gakuo alikuwa ameniambia wazi: "Siku bega litakapokatwa mbele yangu ndipo nitakuita mkwe. Kabla ya hapo wewe ni mgeni mwenye mwavuli." Na sikuwa na nafasi ya kuzubaa, kwa kuwa kulikuwa na bwana mmoja wa Juja, mwenye lori, aliyekuwa akipita kwa mzee kila mara na mfuko wa sukari.

Mbuzi alikuwa achinjwe Jumamosi, nyumbani kwa mzee. Sasa uamuzi wangu mdogo ulikuwa huu: kabla ya mambo ya moshi na majani ya migomba, niwatangulizie wazee mlo mmoja wa kistaarabu, Jumapili baada ya kanisa, wajue binti yao anaolewa na mtu wa namna gani.

Kando ya mto, katikati ya mashamba ya kahawa, kulikuwa na nyumba ya zamani ya mlowezi ambayo Mfaransa mmoja aliigeuza mahali pa kula. Sisi tulimwita Musyu. Vitambaa vya meza vyake vilikuwa vyeupe kuliko kanzu za kwaya, uma zimepangwa kama vyombo vya daktari wa meno, na mpaka muda mfupi kabla ya hapo mtu mweusi aliingia humo kwa mlango wa jikoni tu. Kisha mambo yakaanza kulegea, kibao cha "Wazungu tu" kikaondolewa mlangoni (misumari yake waliiacha, nadhani kwa tahadhari), nami nikajiambia hakuna atakayeingia kwa mlango wa mbele akipendeza kuliko mimi.

Msemaji wangu alikuwa baba mdogo Kamotho, ndugu yake marehemu baba yangu. Hakupenda habari hiyo tangu mwanzo.

"Nasikia huko mtu anakula mchana kutwa na hashibi," akasema.

"Baba mdogo, hatuendi kushiba. Tunakwenda kuonekana."

"Basi mimi nitakunywa uji kabla ya kuonekana."

Upande wa pili alikuja Mzee Gakuo na koti lake zito na kofia, akaja Wairimu amevaa gauni la manjano, na kwa kuwa kwetu mtu hali chakula mbele ya mama mkwe, badala ya mama akaja dada yake Mzee Gakuo, shangazi wa Wairimu, tuliyemwita Tata Nyambura, mjane wa miaka mingi, mwanamke mpana mwenye kicheko cha chini kwa chini na kikebe cha ugoro kifuani. Alikaa kwenye kiti kile cha Kifaransa, kiti kikalia, akakiambia kitulie.

Aliyetuhudumia alikuwa Wekesa, bwana mmoja wa Bungoma, kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, akanipa karatasi ya vyakula iliyoandikwa Kifaransa kitupu. Mimi kule Liverpool nilisoma kwa Kiingereza, lakini niliitazama karatasi ile kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani, nikaweka kidole mahali.

Wekesa akainama sikioni kwangu. "Bwana, hilo ni jina la mwenye hoteli."

"Najua," nikasema. "Lete la chini yake."

La chini yake likaja, kila mtu na lake: kitu cha kijani, cha mviringo, chenye majani magumu yaliyopangana kama magamba, na ncha ya kila jani imechongoka.

"Hiki ni nini?" Mzee akauliza.

"Ni chakula cha Kifaransa, mzee."

"Ni ua," akasema Tata Nyambura. "Kaka, tumeletewa ua."

Baba mdogo akamgeukia Wekesa. "Hili linaliwa ama linanuswa?"

Wekesa alitaka kueleza, lakini mimi nikainua mkono kumzuia, kwa sababu mtu aliyevuka bahari akasoma hafundishwi kula mbele ya wakwe, nikachana kipande kizima, majani, miiba na yale manyoya ya katikati, nikatia mdomoni, nikatafuna kama fahali anavyotafuna mabua, na manyoya yale yakakaa kooni yakakataa kwenda mbele wala nyuma. Wairimu akanisogezea maji.

"Mwaura, mwache huyo bwana atueleze."

"Ndivyo linavyoliwa Liverpool," nikasema, huku machozi yakinitoka.

Kukohoa kwangu ndiko kulikomleta Musyu mwenyewe. Akaja na tumbo lake mbele, akauliza kwa kile Kiswahili cha wenye mashamba, "Chakula iko mbaya, bwana?" Hapo kama ningejibu tu kwamba chakula ni kizuri, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini niliona meza za pembeni zimegeuka, wazungu wa mashamba na wake zao wanatutazama, nikasema kwa sauti ya kufika kila kona kwamba mimi ni mkaguzi wa nyama, mwenye diploma. Musyu alifurahi hata akanishika bega. Akapiga makofi mara moja, toroli ikasukumwa kutoka jikoni, na juu yake sinia la fedha, na juu ya sinia bega zima la kondoo limeokwa likang'aa. Akanipa kisu. Kwao, akasema, mgeni mkubwa ndiye anayepewa heshima ya kukata.

Nikasimama. Nikavuta mikono ya shati ili vifungo vionekane.

"Tazama hapa, Mzee," nikaanza, nikiwa nimesahau kwamba niko Ruiru, nikajiona niko mbele ya darasa. "Mfupa huu wa juu unakutana na huu mpana hapa. Watu wengi hudhani bega la kondoo na la mbuzi ni vitu viwili. Si kweli. Ukiondoa ngozi, hata daktari wa mifugo hawezi kuapa lipi ni lipi."

"Kitu kimoja?" Mzee akauliza.

"Kitu kimoja kabisa, mzee. Nilifanyia mtihani."

Baba mdogo akanikanyaga chini ya meza. Nikasogeza mguu. Akanikanyaga tena, nikadhani ni meza imekuwa ndogo. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye kiungo, nikakizungusha kidogo, kikaachia bila kelele (kazi safi, hilo hata adui zangu wanakubali), na kwa kuwa yule mama mwenye nyumba niliyopanga Liverpool alinifundisha kwamba mezani wanawake hutangulia, na kati ya wanawake mkubwa ndiye wa kwanza, nikakichukua kipande kile cha kiungo, nikazunguka meza, nikakiweka kwenye sahani ya Tata Nyambura na kuinama kidogo.

Tata akaitazama nyama. Akamtazama kaka yake. Akanitazama mimi.

"Mimi?"

"Wewe kwanza, Tata."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndio ustaarabu wenyewe."

Akacheka kile kicheko chake cha chini, akaweka uma kando, akashika kipande kwa mkono, akala. Alikula polepole mpaka mfupa, akaufyonza, akaulaza kwenye kitambaa cheupe.

"Laini," akasema. "Marehemu alinipa gumu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kisu kikaniganda mkononi. Wazee wa pande mbili wapo, bega limekatwa kwenye kiungo, mwanamke amepokea na amekula. Nilikuwa nimemwoa shangazi wa mchumba wangu.

Baba mdogo alijaribu kuniokoa. "Huyu ni kondoo," akasema haraka. "Kondoo si mbuzi. Haihesabiki."

"Amesema ni kitu kimoja," Mzee Gakuo akajibu taratibu. "Amefanyia mtihani."

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nilikata kipande kingine mbio mbio nikakipeleka kwa Wairimu, nikidhani kitafuta kile cha kwanza, naye akafunika sahani yake kwa viganja viwili.

"Usithubutu, Mwaura. Mimi siolewi mke wa pili, na tena chini ya shangazi yangu."

Musyu, aliyekuwa amesimama pale akitabasamu bila kuelewa, akamuuliza Wekesa kuna nini, Wekesa akamuuliza baba mdogo, na baba mdogo, mtu asiyejua kudanganya mara mbili kwa siku moja, akajibu kwamba kijana ameoa. Musyu akaruka kwa furaha. Akakimbia akarudi na chupa ya mvinyo yenye shingo ya dhahabu, na kabla hatujajua afanyalo, kizibo kikafyatuka kwa mlipuko. Sasa nyinyi mnaikumbuka miaka ile ya vita vya msituni, na mlio kama ule wa bunduki ulikuwa na maana gani kwetu sote. Mzee Gakuo alikuwa wa kwanza chini ya meza, baba mdogo wa pili, mimi wa tatu, na nilipoinua kitambaa nikaona meza ya jirani wale wazungu nao wamelala kifudifudi, mmoja amejifunika kichwa kwa karatasi ya vyakula. Miaka mingi watu walikuwa wakisema siku moja rangi zote zitakaa sawa, nami naweza kuthibitisha kwamba zilianzia sakafuni, kwa Musyu.

Aliyebaki kitini ni Tata Nyambura peke yake. Tulipotoka chini tukijikung'uta, hoteli nzima ikapiga makofi, Musyu akambusu bibi harusi mkono, na Mzee Gakuo akavaa kofia yake, akanitazama kwa muda, akasema, "Haya, shemeji. Twende nyumbani."

Shemeji. Niliingia pale kutafuta kuitwa mkwe, nikatoka shemeji.

Tulipofika darajani Wairimu akapunguza mwendo. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Jumamosi haiko mbali. Uachane na shangazi kwa njia inayofaa. Ukishindwa, yule wa lori hana diploma, lakini hajaoa mtu wa nyumbani kwetu."

Kesho yake nikaenda kwa Tata Nyambura, bila mwavuli. Alikuwa anapepeta maharagwe na hakuonyesha haraka yoyote.

"Unataka kuniacha," akasema. "Nimekukosea nini? Nimekupikia vibaya?"

"Tata, tafadhali."

"Hata usiku mmoja hujanilisha, tayari umenichoka. Vijana wa siku hizi." Akapepeta. "Sawa. Utaleta mbuzi wa kuniachia, tofauti na yule wa Wairimu. Utamchinja mwenyewe, bila koti wala tai, utakaa kwenye moshi mpaka aive, na utasema mbele ya wazee kwamba kuna jambo hukufundishwa kule ulikokwenda."

Mbuzi si kitu. Moshi si kitu. Hilo la mwisho lilinilaza macho wiki nzima, kwa maana tangu nishuke kwenye meli sikuwa nimelitamka hata nikiwa peke yangu.

Jumamosi nililitamka. Nilisimama na shati lililojaa masizi, macho mekundu kwa moshi, nikasema kwamba Liverpool walinifundisha bega limeungwa vipi, hawakunifundisha anapewa nani. Wazee walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Tata akapokea mbuzi wake, tukaachana salama. Kisha likaletwa bega la mbuzi wa pili, nami nikaona kwamba mke wangu wa zamani amesogea akakaa bega kwa bega na Wairimu, makusudi kabisa.

"Mtazame vizuri unayempa," akasema.

Kiungo ambacho kwa Musyu kiliachia kwa mzunguko mmoja hapa kilinisumbua kama mwanafunzi, lakini kikakatika, nikakipeleka kwa hatua za mtu anayebeba yai. Wairimu akakipokea. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akala.

"Mkwe," akasema Mzee Gakuo. Akafikiri. "Lakini shemeji nilikuwa nimekuzoea."

Tangu siku hiyo sijakata nyama mezani mwa mtu, wangu wala wa jirani. Kisu nampa Wairimu mimi napokea nilichopewa. Diploma bado iko ukutani, sikuishusha, nina haki nayo. Na kule kichinjioni kazi yangu naifanya kama kawaida, napiga mhuri mguu wa nyuma, napiga mbavu, napiga shingo, lakini nikifika kwenye bega la mbele huwa nageuka kwanza kutazama ni nani amesimama nyuma yangu, na akiwa ni mwanamke, namwomba asubiri nje.